Haijawahi Kunilaza Njiani

Sitaitaja kampuni iliyotengeneza pikapu yangu. Wao waliniuzia gari tu. Uongo niliuongeza mwenyewe, bila kulipwa, kwa miaka sita.

Jina langu ni Wahome, mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa upande wa Tetu, karibu na mji wa Nyeri. Nilipostaafu nilichukua kiinua mgongo chote, nikauza na ng'ombe wawili, nikaenda kununua pikapu mpya ya kisasa, milango minne, nyeupe, yenye kompyuta inayokuambia hata kama abiria wa nyuma hajafunga mkanda. Shemeji yangu Ngatia alikuwa amenisihi ninunue ya zamani, injini ya dizeli isiyo na mambo mengi. Yeye anaendesha pikapu ya viti viwili yenye umri wa kuoa, na anaitengeneza mwenyewe kwa spana tatu na matusi. Nilimjibu mbele ya watu, kwenye harusi ya binti yake Wangechi, kwamba mtu aliyesoma hachaguliwi gari na mtu anayefunga boneti kwa kamba. Meza nzima ilicheka. Ningejua yaliyokuwa yakinisubiri, ningekula wali wangu nikanyamaza.

Taa ya manjano ya kuonya iliwaka mwezi wa saba tangu nilinunue. Gari likakataa kuzidi kilomita arobaini kwa saa, hata nilikanyage namna gani. Baiskeli ya mtu wa maziwa ilinipita pale Kiganjo, na mwenyewe akanipungia mkono. Tatizo lilikuwa chujio la moshi. Baadaye zikafuata injekta, kisha turbo, kisha sensa moja ya kupelekea kompyuta habari, ndogo kama kifuniko cha soda, ambayo ikikasirika gari zima linagoma. Kila kikitengenezwa kimoja, kingine kilikuwa kimeshajiandaa.

Mafundi wazuri Nyeri wapo. Lakini ningelipeleka gari Nyeri, Ngatia angepata habari kabla boneti haijafunguliwa. Kwa hiyo nilikuwa nikilikokota hadi Nanyuki, kwa fundi mmoja anayeitwa Barnabas, mtu wa Kakamega, ambaye wateja wake ni watu wa ranchi na mahoteli wasionijua. Nyumbani nilisema nimeenda kuangalia shamba la kununua. Majirani waliamini kwamba nina mashamba mengi Laikipia. Mke wangu Beth hakuamini, kwa sababu ndiye aliyefua mashati yangu na harufu ya dizeli anaijua. Siku moja aliniambia kwa upole kwamba gari bovu si dhambi. Nilimfokea. Nilimwambia ashughulike na kuku wake. Hilo nalo naliona aibu mpaka leo.

Na wakati wote huo nilikuwa nikijisifu. Jumapili baada ya ibada, wanaume wa kanisa letu husimama kidogo kwenye magari wakingoja wake zao watoke kwenye mkutano wa akina mama. Pale ndipo watu huulizana habari za magari, na pale ndipo nilipokuwa nikisema, mkono juu ya boneti: miaka mitatu, haijawahi kunilaza njiani. Kisha miaka minne. Kisha mitano. Kila nilipotoka Nanyuki nilijisifu zaidi, kwa sababu kila safari ilikuwa imenifanya mjinga zaidi. Nilikuwa hata nimebandika kipande cha utepe mweusi juu ya ile taa, ili mtu nikimpa lifti asiione.

Ndipo akaja Munene. Nilimfundisha kuanzia darasa la tano hadi la nane. Alikuwa mzito wa hesabu lakini msema kweli, na nilimpenda kwa hilo. Sasa ni mfanyabiashara wa mchele Wang'uru, kule Mwea, anapeleka mzigo kwenye maduka na shule za Karatina na Nyeri. Alikuja kwangu na mkewe Nyawira, wakaniletea mchele wa pishori, wakakaa. Alitaka kununua pikapu kama yangu. Pesa alizokuwa nazo zilikuwa akiba yao yote, na alitaka kusikia kutoka kwa mtu aliyeishi na gari lenyewe.

"Mwalimu, watu wa yadi ya magari watanidanganya, wewe huwezi," alisema. "Umekaa na hii gari miaka tano. Inasumbua?"

Nilikuwa nimetoka Nanyuki siku nne kabla. Beth alikuwa akimimina chai. Nilijua kabisa kwamba huu ndio wakati wa kusema, na kwamba hata nikisema nusu tu, mtu huyu ataokoka. Nikamwangalia Munene anavyoningoja kama zamani alivyokuwa akingoja nimsahihishie daftari, na nikaona siwezi kuwa mjinga mbele yake.

"Haijawahi kunilaza njiani," nikasema.

Beth aliweka birika chini, akaenda jikoni, na hakurudi mpaka wageni walipoondoka.

Munene alinunua pikapu ile ile, hata rangi akafuata yangu. Akamwajiri dereva anayeitwa Kasyoki, Mkamba mtu mzima, mpole, aliyeendesha malori ya mchele kule Mwea miaka mingi bila kukwaruza hata ukuta. Miezi minane baadaye Munene alinipigia simu. Gari lilikuwa limemshinda. Lilikuwa likikosa nguvu kwenye mlima ule wa kutoka Sagana, na mara ya tatu lilikwama kabisa, mvua ikanyesha, magunia yakalowa, na shule moja ikamwambia asirudi tena na mchele wake. Alikuwa ameshajua mwenye makosa. Alisema Kasyoki ananunua dizeli chafu ya mitungi kando ya barabara na kutia chenji mfukoni, kwa sababu hakuna jibu lingine. Gari la Mwalimu ni la aina hiyo hiyo, lina miaka sita, na halina tatizo. Kisha akaniomba msamaha. Alisema anaona haya kwamba nilimwonyesha gari nzuri, naye akaiacha iharibiwe.

Alipokata simu, sikumpigia tena kumwambia kweli. Aibu ile ilikuwa yangu, na mtu mwingine alikuwa ameibeba.

Aliniomba niende Wang'uru Jumamosi. Hakutaka mambo ya polisi. Alitaka yasemwe mbele ya Mzee Mburu, mwenyekiti wa wauza mchele, na mimi niwepo kama mtu anayelijua gari. Nilikwenda. Njia nzima, Karatina hadi Sagana, nilikuwa nikiandaa sentensi moja: yangu nayo imekuwa na shida kidogo. Hata hilo neno kidogo lilikuwa wizi, lakini nilijiambia litatosha kumwokoa dereva. Gari langu siku hiyo lilitii. Lilipanda na kushuka kama limetoka kiwandani jana, na ninakiri kwamba nililichukia kwa kutii.

Tulikaa ghalani kwa Munene, kwenye viti vya plastiki katikati ya magunia. Walikuwapo Mburu, Munene, Nyawira na Kasyoki, ambaye kofia yake ilikuwa juu ya magoti. Mburu aliongea polepole. Alisema mambo ni mawili tu. Kama gari lina ugonjwa wake, Kasyoki arudi kazini. Kama ni dizeli, basi Jumatatu jina lake litasomwa mbele ya wafanyabiashara wote, na hakuna mtu Mwea atakayempa usukani tena. Kasyoki ana watoto watatu, wa mwisho yuko sekondari. Aliulizwa, akajibu kwa maneno machache kwamba ananunua dizeli kwenye kituo cha mafuta, risiti zote zimo ndani ya gari, na gari lenyewe ni gonjwa. Munene alisema risiti mtu anaweza kuokota popote.

Mburu akanigeukia. "Mwalimu, wewe ndiye umekaa na hii gari. Inaweza kugonjeka hivi yenyewe?"

Sentensi yangu ilikuwa tayari. Nilifungua mdomo, nikamwona Munene ananitazama, na ikatoka nyingine.

"Yangu haijawahi," nikasema. Hata sikuimaliza.

Kasyoki aliniangalia. Hakukasirika. Aliniangalia kama mtu anayengoja basi na kuliona likipita, kisha akatazama kofia yake. Mburu alisema basi, yamekwisha. Munene akachukua karatasi aandike kitakachosomwa Jumatatu. Nyawira akaenda kuleta chai. Kasyoki akainuka, akaweka ufunguo wa gari juu ya gunia, akatoka bila kuaga.

Nilisema nataka kujisaidia, nikatoka nami. Nilimkuta amesimama karibu na pikapu yangu, anavaa kofia.

"Mwalimu, mimi nilikuona Nanyuki," alisema. "Mwezi wa pili, pale kwa Barnabas. Gari yako ilikuwa kwa jeki, na wewe umekalia tairi unakula chapati. Nilikuwa nimeenda kumuuliza juu ya hii ya Munene."

Nilishika kioo cha gari. Nilimuuliza kwa nini hakusema mle ndani, na nilimuuliza kwa ukali, Mungu anisamehe, kana kwamba yeye ndiye mwenye hatia.

"Munene ulimfundisha wewe," alisema. "Ningekuita mwongo mbele ya mwanafunzi wako? Nilikuwa nangojea useme mwenyewe. Hata saa hii nilikuwa nangojea."

Nilikuwa mwalimu miaka thelathini na minne. Nimewaadhibu watoto wa watu kwa kusema kalamu imepotea kumbe imo kwenye soksi. Na hapa palikuwa na mtu aliyekubali kuitwa mwizi ili mimi nisiitwe mwongo, wala hakuwa amenidai chochote. Sijawahi kujiona mdogo namna ile. Nilitamani anitukane. Nilimwomba arudi nami ndani. Alikataa kwanza, kisha akanifuata, akasimama mlangoni.

Munene alikuwa ameshaandika mistari mitatu. Nilimwambia aache kalamu. Nilisema nikiwa nimesimama, kwa sababu ningekaa nisingesema. Nilisema gari langu limenilaza njiani. Limenilaza Kiganjo, limenilaza Naro Moru mara mbili, na mara moja lilivutwa na trekta la mtu wa viazi huku mimi nimeinamisha kichwa ndani ili nisionekane. Nilisema chujio, injekta, turbo na sensa. Nilisema lilikosa nguvu vile vile kama la kwake, na dizeli yangu natia Nyeri mjini kwenye kituo kizuri. Nilisema nilimdanganya nyumbani kwangu akiwa na kikombe changu mkononi, na nimemdanganya tena hapa sasa hivi.

Sikutegemea kilichofuata. Munene alitabasamu kwa huzuni, akatikisa kichwa. Mburu naye alikohoa, akasema yeye anaelewa, mimi ni mtu wa kanisa, na nimemwona dereva nje akanitia huruma. Munene akakubaliana naye. "Mwalimu, huruma yako tunaijua," alisema. "Lakini wewe huwezi kutudanganya. Si ni wewe ulituambia hata ukweli ukiuma tuuseme?"

Hawakuniamini. Nilikuwa nimejenga jina zuri kiasi kwamba ukweli wangu mwenyewe haukupata pa kuingilia. Nikaanza kuapa, na nilipokuwa naapa nikasikia ninavyosikika kama mtoto aliyekamatwa. Nyawira alikuwa amerudi na chai, amesimama na sinia, ananitazama usoni. Yeye ndiye aliyeuliza, bila kupandisha sauti:

"Huyo fundi wa Nanyuki, uko na namba yake?"

Nikaitaja. Sifuri, saba, mbili mbili, na zilizobaki, moja baada ya nyingine hadi ya kumi. Nilishafika mwisho ndipo nilipogundua kwamba simu yangu bado iko mfukoni na sikuigusa.

Nyawira akaweka sinia chini. Munene aligeuza ile karatasi upande wa nyuma, akaniomba nirudie. Nikarudia. Sikukosea hata tarakimu moja. Mburu alivua miwani, akaanza kuifuta kwa shati, na hakuna aliyeniuliza tena kama ni kweli.

Munene hakumpigia fundi. Aliinuka, akachukua ufunguo juu ya gunia, akampelekea Kasyoki pale mlangoni kwa mikono miwili. Walisema maneno ambayo sikuyasikia. Kasyoki aliuchukua ule ufunguo, akasema kwa sauti ya kawaida kwamba gari ataipeleka Nanyuki Jumatatu, na ikirudi ndipo wataongea mambo ya kazi. Alinipa mkono, akaenda zake.

Nilitaka kuondoka, lakini kwetu mtu haondoki na chai imeshaletwa. Munene alinimiminia mwenyewe, akatia sukari vijiko viwili kama ninavyopenda, akanishikisha kikombe. Alikuwa ameniita Mwalimu tangu akiwa na miaka kumi na moja, barabarani, sokoni, kanisani, hata siku ya harusi yake mbele ya wakwe.

"Karibu chai," alisema, "Mzee Wahome."