Marehemu Vihtori Aja Kuoga

Jumamosi ya sikukuu ya mavuno Lempi alichochea moto chini ya mawe ya sauna, kibanda cha kuogea kwa mvuke, tangu asubuhi, akachota maji ziwani ambako barafu ilishaanza kushika ukingoni. Walio hai waoge mapema, watoke, kisha marehemu wa nyumba nao waoge: ndiyo ada ya huko. Aliwawekea maji safi na vicha vya vitawi vya kujichapia mgongo, na katika chumba cha nje mkate mweusi na pombe ya shayiri.

Sauna ilikuwa ya Aukusti, mwenye shamba. Lempi alikuwa mtumishi wake tangu vita vya wenyewe kwa wenyewe, vya Weupe wenye mashamba na Wekundu vibarua, vilipokwisha na kibanda alichopanga na mumewe kikavunjwa. Mumewe, Vihtori, alikuwa Mwekundu. Alipigwa risasi mwezi wa Mei mwaka uliopita, mizinga imeshanyamaza, akafukiwa pamoja na wenzake kwenye machimbo ya mchanga bila sala wala kengele. Aukusti alikuwa miongoni mwa walioshika bunduki siku hiyo. Mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni, husema watu. Aukusti alitimiza nusu ya kwanza.

Giza lilipoingia marehemu wakaanza kufika. Bibi mzaa baba wa Aukusti alilalamika, kama kila mwaka, kwamba mawe hayajapata moto. Wa mwisho alikuja Vihtori. Marehemu huoga pale walipoogeshwa mara ya kwanza, na Vihtori alizaliwa juu ya benchi la sauna hiyohiyo, mama yake akiwa kijakazi wa baba yake Aukusti. Alikuwa na mchanga masikioni. Akamsalimu mkewe, akamuuliza kama amepata viatu vya baridi, akavua shati.

Tatizo ni kwamba Aukusti alikuwa bado ndani. Kikao cha baraza la kanisa kilimchelewesha, naye hakuwa mtu wa kukosa joto lake kwa ajili ya marehemu. Lakini saunani watu hukaa kama kanisani, hakuna matusi wala ugomvi. Aukusti akasogea, akampisha Vihtori benchi la juu. Lempi akaingia na ndoo kuwasugua migongo, maana hiyo ndiyo kazi yake.

"Mnaendeleaje huko?" Aukusti akauliza.

"Unyevu, bwana. Na tumebanana. Yule fundi viatu amenilalia mkono tangu siku ile."

"Pole."

"Tunaomba kuhamishiwa makaburini. Kengele ilie, mchungaji aseme maneno yake. Hatuna ombi jingine."

Aukusti akamwagia mawe maji, mvuke ukawafunika wote. Akachukua kitambaa mkononi mwa Lempi, akamsugua Vihtori mwenyewe, taratibu, akikwepa matundu ya risasi.

"Ni haki yenu," akasema. "Nitazungumza na mchungaji. Baraza haliwezi kunipinga."

Lempi akalia kwa furaha, na kwa kuwa nyuso zote mle zilikuwa zimelowa hakuna aliyemwona. Muda wote huo hakuwa na mahali pa kumwekea mumewe hata ua moja.

Aukusti akatangulia kutoka. Lempi akamfuata chumba cha nje, akauliza atayarishe mkokoteni lini.

"Mkokoteni wa nini?"

"Wa kuwabeba, bwana. Si umesema mwenyewe?"

Aukusti alikuwa anafunga vifungo vya shati. "Lempi, wewe umekulia hapa. Mle ndani tunasemezana vizuri, ndiyo adabu yetu. Ulitaka nimjibuje, nimtukane saunani?" Hakuwa na hasira, alisema kwa upole, kama anayemfunza mtoto. "Mwekundu haingii makaburini. Leo hii kikaoni nimenyoosha mkono kukataa, na kesho nitaunyoosha tena."

Akamkumbusha kusugua mabenchi, akaenda kula.

Vihtori akatoka huku mvuke ukimpanda mabegani. Alikunywa pombe akiwa amesimama.

"Amesema tutahamishwa lini?"

Lempi alitaka kumwambia ukweli. Lakini ukweli huo angekwenda nao wapi, kule chini?

"Kabla ardhi haijaganda," akasema.

"Niwaambie wenzangu?"

"Waambie."

Vihtori akaondoka mbiombio, shati likiwa mkononi. Lempi akachukua brashi, akaanza na benchi la juu.

Asubuhi ardhi ilikuwa imeganda. Watu waliokwenda kanisani kwa njia ya machimboni waliwakuta marehemu wameketi ukingoni, wamejipanguza mchanga na kuchana nywele, wakingoja mkokoteni. Wanaume waliwavulia kofia, Aukusti mmojawapo, kisha wakapita, maana kengele ilikuwa imeshaanza kulia.