Marehemu Hana Maoni

Asubuhi ile feni ya ofisi ilikuwa imeharibika, na wapiga simu wote walikuwa wamevua viatu chini ya meza. Kazi yao ilikuwa kuwapigia wananchi na kuwauliza wanamwonaje waziri mpya wa ulinzi. Kompyuta ilichagua namba. Wao walisoma swali kama lilivyoandikwa, bila kutia chumvi, kisha wakabonyeza jibu. Majibu yalikuwa manne: anafaa sana, anafaa, anafaa kiasi, na hana maoni. Aliyetaka kusema jingine aliachwa aseme, maana nchi ilikuwa na uhuru wa kusema, ila hapakuwa na kitufe chake.

Waziri mwenyewe alikuwa ameinuka moja kwa moja kutoka kiti cha ukurugenzi wa kampuni inayoliuzia jeshi fulana za kuzuia risasi. Zamani kampuni hiyo ilitengeneza magodoro, na wenye ndimi ndefu walisema haijawahi kuacha. Alipoulizwa kama huko si kujiuzia na kujinunulia, alijibu kwamba hisa zake zote amemwachia mkewe, na kwamba yeye na mkewe hawazungumzii kazi mezani. Magazeti yalimsifu kwa kuiheshimu ndoa yake.

Kwenye meza ya pembeni, karibu na dirisha lisilofunguka, alikaa dada mmoja waliyemwita Kinanda kwa sababu ya sauti yake. Hata waliokuwa wakitukana simuni walipoa akianza kusoma. Mdogo wake, kitindamimba wa nyumba yao, alikuwa amekufa vitani huko mpakani. Ofisa wa jeshi alifika nyumbani, akakaa kwenye kochi, akaomba maji, akaeleza kwamba kijana alikufa kwa uzembe wake: aliivua fulana. Waliokufa kwa uzembe majina yao hayachongwi kwenye ukuta wa mashujaa kule kambini. Mama yake Kinanda aliuliza tu, mtoto aliyekuwa akifunga hata kifungo cha shingoni, fulana aliivuaje? Ofisa akasema vita vina mambo yake, akarudisha glasi.

Tangu siku hiyo mama hakutaka kitu kingine duniani ila jina lile lichongwe.

Basi kabla ya chai, kompyuta ilimletea Kinanda namba anayoijua kwa moyo. Simu iliita mara chache, ikapokelewa.

"Haloo."

"Habari za asubuhi. Unaongea na kituo cha utafiti wa maoni ya wananchi."

"Dada? Ni wewe?"

"Ni mimi. Ngoja kwanza nimalize kusoma, wanatusikiliza."

"Haya, soma."

Kinanda akasoma swali mpaka mwisho, pamoja na majibu yake manne. Mdogo wake akacheka kile kicheko chake cha kukohoa.

"Kumbe wameshajijibu wenyewe! Dada, mimi niliivaa. Mikanda yote niliifunga. Risasi ilipita kama haikuona kitu. Ndani ni sponji tupu. Tupo wengi hapa, waulize na wenzangu."

"Mbona jeshi lilisema uliivua?"

"Wangesema nini, kwamba niliivaa?"

Kinanda alimwuliza mbona hakuwahi kupiga simu nyumbani. Akajibiwa kwamba huko kupiga hawawezi, kupokea tu, na hakuna aliyewahi kujaribu kuwapigia. Kinanda aliona ni kweli, akaona haya.

Kufikia mchana kila meza ilikuwa na marehemu wake. Hawakuwa na fujo. Walijibu kwa adabu, kwa kirefu, na wengine waliomba wasalimiwe watu wao. Msimamizi, mtu wa tai fupi na jasho jingi, alilalamika kwamba wanawachelewesha, akapanda ghorofa ya juu kuomba mwongozo. Alirudi nao akiwa anapumua kwa nguvu.

"Marehemu ni wananchi halali," alitangaza. "Kwenye uchaguzi wanapiga kura kila mara, kwa hiyo huku hatuwezi kuwabagua. Ila hawa wametumia bidhaa za kampuni ya waziri. Wana mgongano wa maslahi. Wote wawekeni kwa wasio na maoni."

"Na waziri je, bosi?" aliuliza Kinanda.

"Waziri hajawahi kuivaa," alijibu msimamizi. "Yeye hana mgongano wowote."

Wapiga simu wakabonyeza. Matokeo yalipotangazwa, ilionekana kwamba waliokuwa na maoni karibu wote walimpenda waziri. Watu mitaani, ambao asubuhi walimwita muuza magodoro, walisoma kwamba wanampenda, wakaanza kumtetea. Kinyozi wa jirani alisema mtu aliyezoea kuuza fulana ndiye anayejua shida za jeshi. Mteja wake, huku nusu ya kichwa ikiwa imenyolewa, alisema hata fisi ukimpa bucha atajua bei ya nyama. Waliokuwa kwenye benchi wakamwambia ana chuki binafsi.

Nyumbani, mama alikuwa akimpigia mwanawe kila jioni. Walizungumza habari za kawaida: bati linalovuja, nani kaolewa, nani kahama. Kisha mama alikata simu na kusema lile lile, kwamba kusikia kwake hakutoshi, anataka na ukuta usikie.

Wizara nayo haikukaa bure. Ilipojua kwamba marehemu wanapatikana kwa simu, ilikipa kituo kazi mpya. Fulana ni mali ya umma, na waliofariki walikuwa wameondoka nazo bila kuzikabidhi. Wapigiwe, waambiwe wazirudishe. Wenzake Kinanda waliguna, lakini yeye aliichangamkia kazi ile kuliko wote. Hesabu yake ilikuwa rahisi: fulana ikirudi na mikanda yake na tundu lake, nani atathubutu tena kusema haikuvaliwa?

"Irudishe kama ilivyo," alimwambia mdogo wake. "Usiifue, usiifungue."

"Sawa, dada."

Siku mbili baadaye walizikuta fulana kwenye ukumbi wa ofisi, zimekunjwa kijeshi, zina udongo mwekundu ambao haupo mji ule. Kinanda alikuwa amekuja na mama yake. Waliipata ya kwao haraka. Mikanda yote ilikuwa imefungwa, na kifuani palikuwa na tundu ambalo kidole cha mama kiliingia na kutokea upande wa pili. Mama alikiacha kidole humo muda mrefu. Kisha mtunza stoo wa wizara alizipakia zote kwenye lori, kwa upole, na kuwaambia malalamiko yapelekwe dirishani kule wizarani.

Waliyapeleka. Dirishani palikuwa na ofisa yule yule aliyeomba maji. Aliwasikiliza bila kuwakatiza, akapiga simu stoo, akasubiri, akashukuru, akaweka simu chini.

"Fulana ya kijana ipo stoo," alisema.

"Ndiyo, baba," mama alisema. "Ina tundu."

"Tundu limeshazibwa. Nasema ipo stoo. Sasa mama, kama ipo stoo, mwanao angekuwa ameivaaje?"

Kinanda alikuwa amewaletea ushahidi kwa mkono wake mwenyewe, nao wameushona. Alimshika mama kiwiko, wakaenda nyumbani.

Jioni waziri alionekana kwenye televisheni, amesimama mbele ya rundo la fulana safi zinazosubiri kuvishwa vijana wapya. Alisema wenye wivu walizisema vibaya sana hizi fulana. Zilikwenda vitani, na zote zimerudi salama. Hakuna hata moja iliyopotea. Ukumbi mzima ukasimama na kupiga makofi.

Mama alizima televisheni, akaomba simu.

"Mwanangu, wameichukua," alisema ilipopokelewa. "Uko salama huko bila ile fulana?"

"Niko salama, mama. Baridi tu," mwanawe alijibu. "Kwa baridi ilikuwa inasaidia. Hapo waziri tusimsingizie."