Kiboko wa Mezani kwa Mtendaji

Mtendaji wa kata Methusela alirudi kutoka semina ya afya ya akili kazini akiwa amenenepa kidogo na ana ugonjwa mpya. Kwa siku tatu walilishwa kuku na kufundishwa kwamba mtumishi wa umma ana msongo wa mawazo. Yeye aliondoka mzima kabisa, akarudi nao.

Kata yenyewe iko upande wa Litapunga. Jina tulifiche, maana bado tunahitaji barua.

Kwenye benchi la nje, Médiatrice alikuwa ameingia wiki ya tatu. Ni fundi wa kuchonga miko na vinu, na binti yake Joséline alikuwa amepata nafasi chuo cha uuguzi. Chuo kilitaka barua ya utambulisho yenye muhuri wa mtendaji, mwisho Ijumaa, la sivyo nafasi apewe mwingine. Barua ilikuwa imeandikwa tangu wiki ya kwanza. Ililala mezani, shubiri moja kutoka kwenye muhuri, lakini Methusela hakuwa na nguvu ya kuunyanyua. Kwanza alitaka picha mbili za pasipoti. Akaletewa. Kisha nakala ya cheti cha uraia cha baba wa binti. Akaletewa. Kisha barua ya mwenyekiti wa kitongoji, naye mwenyekiti alikuwa amekaa benchi hilohilo akisubiri ya kwake. Akaiandikia gotini palepale, ikaingia ndani wino haujakauka.

"Njoo kesho, mama Joséline," alisema Methusela. "Nyie watu mnanichosha. Mwenzenu nina msongo."

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, ndivyo tulivyozoea. Huyu alikuwa na shibe na bado alitaka pole.

Jumatatu alimwita ndani. Mkononi alikuwa na karatasi ya semina.

"Wataalamu wanasema mezani pawe na kitu cha kuchezea," alisema. "Kidogo, cha kuchekesha, kinachotuliza roho. Wewe si unachonga? Nichongee."

"Na barua yangu je, baba?"

"Roho ikitulia, si nitagonga?"

Médiatrice alirudi nyumbani na hasira. Alitamani amchongee mwiko wa ugali wa shughuli, kisha amtulize nao roho. Lakini Ijumaa ilikuwa inakuja na haimwogopi mtu, kwa hiyo akachukua panga na kuketi.

Alianza na kuku, akamtupa. Mdomo ulichoma kiganja. Akajaribu kobe, akacheka mwenyewe, maana mtendaji alikuwa tayari ana kobe wa kutosha ndani yake. Ndipo akakumbuka kitu. Wiki tatu mlangoni zilimfundisha kuijua mikono ya Methusela kuliko mkewe anavyoijua. Mikono ile haikuwa mivivu hata kidogo. Kutwa ilibofya kalamu, ikibofya na kuachia, ikibofya na kuachia, mpaka springi ikaruka dirishani. Kilichokuwa kizito kwake ni muhuri tu.

Akachukua kipande cha mninga. Akachonga kiboko mnene, ukubwa wa pera, mgongoni ana kibonde cha kulaza kidole gumba. Tumboni akamtia springi ya kalamu. Ukimbonyeza mgongo, anaachama mdomo mpana na kuonyesha meno mawili butu. Ukimwachia, anaufunga, tap! Alimlainisha kwa msasa mpaka yeye mwenyewe akawa hataki kumweka chini.

Alhamisi alimpeleka. Kabla ya kumkabidhi, aliomba muhuri wa kata, akang'oa ule mpini wa zamani, akaugandisha mpira wake wenye maandishi chini ya tumbo la kiboko kwa gundi ya fundi viatu.

"Hachezi hewani, baba," alieleza. "Anataka kukanyaga kitu."

Methusela akambonyeza. Kiboko akaachama. Mtendaji wa kata, mtu mzima mwenye wajukuu, akapiga kelele ya furaha, na mezani pakabaki duara la wino.

"Utachafua meza," alisema Médiatrice kwa upole, akasogeza barua ya Joséline. Tap!

Aliikunja barua haraka na kuitia kwenye kitenge. Huku nyuma tap-tap haikukoma. Kufika saa sita rundo lote la miezi minne lilikuwa limekwisha, na Methusela yuko mlangoni akiita, "Nani mwingine? Nani hajagongewa?" Hata mzee Yohani, aliyepita kuomba maji ya kunywa, aliondoka na barua ya utambulisho.

Joséline akaenda chuo. Kata ikasifika, mpaka wakubwa wakaja na kamera. Siku hiyo Médiatrice alikuwa benchini akimsindikiza jirani, na aliyasikia yote kwa masikio yake.

"Nani kabuni hiki?" mkubwa mmoja aliuliza.

"Mimi," alijibu Methusela. "Nilitoka semina nikakaa, nikawaza."

Ilimuuma Médiatrice, ilimuuma kweli. Lakini wakubwa walipiga makofi, wakambeba kiboko kwenda naye Mpanda kumweka kwenye kabati la kioo la maonesho ya ubunifu, muhuri wa kata ukiwa umeng'ang'ania tumboni. Hakuna aliyeuona. Waliondoka wakiwa wameahidi zawadi, na kata ikabaki haina hata cha kugongea.

Jumamosi iliyofuata Methusela alifika kwa Médiatrice, jasho linamtiririka.

"Mama Joséline, niokoe. Wanataka kiboko wa pili keshokutwa, na nichonge mbele yao. Nifundishe hata leo."

"Karibu, mtendaji. Keti."

Akamwonyesha benchi juani, karibu na banda la kuku. Akamaliza mwiko aliokuwa nao. Akachagua gogo jingine, akaanza mwingine. Methusela alikunja mguu huu, akakunja ule, akatazama saa.

"Mama, nina haraka."

Médiatrice alipuliza vumbi la mbao kwenye mwiko, akauweka pembeni, akafuta mikono yake taratibu kwenye kanga.

"Picha mbili za pasipoti," aliuliza, "umekuja nazo?"