Chai ya Watu Wasiosalimiana

Ukumbi wa mji ulitangaza kwamba utaonyesha filamu za vijana, na kwamba kamera watatuazima wao. Nikaona dunia imeanza kupata akili. Masharti yalikuwa mepesi: filamu iwe fupi, na mwigizaji yeyote akikataa kuonyeshwa, inazimwa papo hapo. Mshindi angekaa na kamera mwaka mzima. Niliitaka ile kamera kuliko nilivyotaka kufaulu hesabu, na mama alilijua hilo, ndiyo maana alianza kuninunia mapema.

Shida ilikuwa waigizaji. Marafiki zangu wakiona kamera wanageuka watangazaji wa habari. Watu ninaowajua wanaoigiza bila kufundishwa ni wawili tu: mama na dada yake, mama mkubwa. Hao wapo jukwaani kila siku. Wakikutana sokoni, mmoja anakagua nyanya kana kwamba ameajiriwa na serikali, mwingine anapokea simu ambayo haijalia. Hawajasalimiana tangu bibi afariki, kisa vyombo vyake vya chai. Mama anasema mama mkubwa aliviiba vyote. Mama mkubwa anasema mwizi ni mama. Mimi nilikuwa mdogo, vyombo vyenyewe sikuwahi kuviona. Ninachokumbuka ni kwamba likizo zote nilikuwa nalala kwa mama mkubwa, kisha ghafla nikakatazwa. Iliniuma, na bado inaniuma.

Basi nikafanya ujanja. Kwenye filamu, watu wawili wanaozungumza si lazima wawe chumba kimoja. Unampiga picha huyu peke yake, kesho unampiga yule, halafu unawaunganisha. Nikaandika kisa cha majirani wawili waliokosana wanaopatana juu ya kikombe cha chai, na kila mmoja nikampa maneno ya upande wake. Mama nilimwambia jirani yake nitamtafuta baadaye. Mama mkubwa nilimwambia hivyohivyo, siku ambayo nyumbani nilikuwa nimeaga naenda masomo ya ziada.

"Na meza itaonekana?" mama aliuliza.

"Itaonekana."

"Basi hebu toka kwanza."

Aliponifungulia mlango, mezani palikuwa na kitambaa kipya na vikombe vyeupe vyenye ukingo wa dhahabu. Sikuuliza. Kwetu wageni wana vyombo vyao, sisi wengine tuna plastiki. Mama mkubwa naye alinitoa nje kwanza, na niliporudi nikakuta birika jeupe na visahani, ukingo ni uleule wa dhahabu. Nikadhani ndivyo vinavyouzwa madukani.

Rafiki yangu tunayemwita Makasi, kwa sababu kuunganisha picha ndiyo kazi yake, alinitazama kwa heshima. "Hata vyombo umevilinganisha. Wewe si mchezo."

"Nilipanga," nikasema, bila aibu yoyote.

Siku yenyewe mama alikaa karibu na mlango, mama mkubwa akakaa mbele kwenye feni, kila mmoja akijifanya ukumbi una nusu moja tu. Msimamizi wa ukumbi alitoa hotuba ndefu kuhusu kuwapa vijana nafasi, mpaka nafasi yenyewe ikabaki ndogo. Mmoja wao akisema tu "zima", nimekwisha.

Filamu ikaanza. "Karibu chai," mama akasema kwenye pazia. Picha ikabadilika, mama mkubwa akaitikia, "Nimekaribia. Umepotea sana."

Kule mlangoni kiti kililia. Kwenye pazia mama mkubwa alikuwa anainua birika, na mara mama akawa anapeleka kikombe mdomoni. Dhahabu kwa dhahabu.

Mama alikuwa amesimama. "Birika," akasema. Hakupaza sauti, lakini watu wote walisikia. "Kumbe birika liko kwako, dada."

Mama mkubwa naye akasimama. "Na hivyo vikombe? Nimevitafuta mpaka chini ya kitanda cha marehemu."

"Ulitangaza mtaa mzima kwamba nimeiba vyote."

"Wewe je, ulitangaza nini?"

Kumbe wezi walikuwa wawili, na miaka yote hiyo kila mmoja alikuwa analalamikia ile nusu aliyoikosa. Wangebaki hivyo mpaka kaburini kama wasingetaka kupendeza mbele ya kamera.

Watu waliangua kicheko, wakidhani ugomvi huo tumeufanyia mazoezi. Msimamizi akawasogelea kwa adabu. "Mama, tuizime?"

"Uzime nini?" mama mkubwa akamwuliza. "Kaa chini, baba, sisi tunaongea."

Wakatoka wakibishana, bega kwa bega. Mwisho niliowatungia, wa kukumbatiana, ambao Makasi aliushona kwa tabu kubwa kutoka bega la huyu na mkono wa yule, hawakuuona.

Sikushinda. Mwamuzi alisema filamu yangu ni nzuri, ila sauti haikusikika. Kamera ilienda kwa mvulana wa filamu ya majambazi, ambamo majambazi wote ni kaka yake mmoja aliyebadilishwa kofia. Nililia chooni, nikanawa uso, nikaondoka zangu.

Nyumbani niliwakuta jikoni. Birika lilikuwa mezani katikati ya vikombe, limefika likiwa limefungwa kwenye taulo, na wao walikuwa wanabishana nani alivunja kifuniko chake. Mama mkubwa alikuwa ameweka mkono kwenye goti la mama na wala hakuwa na habari. Nikaunganisha vidole nikafanya dirisha, nikachungulia. Walienea wote wawili.

"Acha hayo madudu, lete sukari," mama akasema.

Nikaleta. Mama mkubwa akanimiminia chai kwenye kikombe cha dhahabu, bila kunitazama.

"Shule ikifungwa uje," akasema. "Godoro lako bado lipo."