Asilimia Mia ya Tuncer

Kompyuta ilinipa asilimia mia moja, na sikufurahi hata kidogo.

Tasnifu yangu ya udaktari ilihusu eksirei za pande tatu za wagonjwa mia mbili wa kitivo chetu cha meno. Nilikuwa nachunguza sainasi, ule uwazi wa hewa ulio juu ya magego. Kila mtu ana wa kwake. Wengine wana kikuta chembamba cha mfupa ndani yake, wengine viwili, wengine hawana kabisa, na daktari anayepandikiza jino asipojua hayo atachana utando wa ndani. Nilisoma picha zote, kisha Tuncer, mwenzangu wa chumba cha pili, akazisoma upya bila kuona majibu yangu. Tulitarajiwa kukubaliana sana, lakini si kila mahali, maana vikuta vingine ni vyembamba kama ganda la kitunguu.

Kukubaliana mia kwa mia? Huyu amenakili! Wiki tatu zilibaki niitetee tasnifu, na watahini wakiiona tarakimu ile, miaka yangu minne ingekwenda na maji.

Nikaanza kumvizia. Mbona alimaliza mapema? Mbona hufunga mlango akisoma? Hata aliponiletea chai nilijiuliza anataka kunilainisha kwa lipi. Nikamwomba tusome tena picha thelathini, na karatasi yangu nikaiacha makusudi kwenye meza yetu ya pamoja. Ndani yake nilikuwa nimebuni vikuta vitano visivyokuwepo.

Kesho yake akaleta yake. Hakuna hata kimoja cha uongo alichokiandika.

Mtu mwenye akili timamu angetulia hapo. Mimi nikasema moyoni, mjanja huyu, amenusa mtego. Nikapanda ngazi mbio hadi kwa Profesa Müberra, msimamizi wetu, nikamwambia Tuncer amenakili kazi yangu.

Profesa akavua miwani. "Una hakika, binti yangu? Neno hilo likitoka hapa, ajira yake imekwisha."

"Nina hakika, Mwalimu."

Akamwita. Tuncer akaja na koti jeupe lenye doa la chai, akaipokea orodha ya majibu yetu niliyoitoa kwenye kompyuta, akaipitia kwa kidole. Kidole kikasimama.

"Dada Nurcihan, hii picha ya themanini na nane. Mimi niliandika kuna kikuta, wewe ukang'ang'ania ni kivuli cha mzizi. Tulibishana mpaka nikakuita kipofu, umesahau?"

"Sijasahau."

"Sasa mbona hapa kwangu imeandikwa hakuna?"

Nikaivuta orodha, nikaona nilichofanya. Baada ya kusoma kila mtu peke yake, tulikuwa tumekaa pamoja siku tatu kupatanisha picha tulizotofautiana, kama wafanyavyo wote wa kazi hii, tukaandika karatasi mpya. Makubaliano hupimwa kwa karatasi za kwanza. Mimi niliingiza kwenye kompyuta zile za baada ya upatanisho. Ningepata nini isipokuwa mia?

"Hata mgeni wa kitivo hawezi kufanya kosa hili," Profesa alisema. "Umelifanya wewe, halafu ukataka kunifukuzia kijana."

"Tuncer, nisamehe," nikasema.

"Yamekwisha, dada," akajibu, akarudi kazini bila kunitazama.

Karatasi za kwanza zilitoa asilimia themanini na nne. Tasnifu ikapita, watahini wakanipa mkono, na Tuncer akala keki yangu pamoja na wengine.

Bado tunafanya kazi pamoja. Ila siku hizi, kabla hajaniachia karatasi yoyote, huipiga picha kwa simu mbele yangu, kisha hunipa kalamu nitie sahihi kwamba nimeipokea kama ilivyo. Mimi hutia sahihi.