Mkono wa Nahodha

Tunu aliteleza kwenye boriti ya jimnastiki, akaangukia ubavu, na kabla watazamaji hawajamaliza kuguna alikwisha simama, akawapungia waamuzi mkono na kutabasamu. Tabasamu hilo lilidumu mpaka alipovuka pazia. Kofi la Mwalimu Renatus lilimkuta papo hapo, likamgonga kichwa ukutani. Damu ikamchirizika puani na kulichafua vazi jeupe la chuo.

"Mwaka mzima!" Renatus alifoka. "Mwaka mzima nakufundisha kusimama juu ya ubao! Hata kuku angekwisha jua!"

Veridiana alikuwa akijipaka chaki viganjani. Yeye ndiye nahodha, binti wa wakulima wa tumbaku wa Ulyankulu, na ndiye pekee aliyebaki kushindana. Akiruka vizuri, ubingwa wa taifa wa vyuo kwa wanawake ungekuja Tabora kwa mara ya kwanza. Ukumbini watu wa mtaa wa Gongoni walikuwa wakimwita kwa jina, wakipiga miguu sakafuni.

Renatus alimrushia kipande cha mpira wa maji. "Mtie adabu huyu. Kisha nenda karuke."

Veridiana aliujua mpira ule. Kwa miaka mitatu ulimchora mapajani, naye akajifunza kuuma taulo asilie. Alipofanywa nahodha alikabidhiwa yeye. Jumatatu iliyopita alimchapa Tunu viboko kumi na viwili, na kilichomtisha baadaye si kilio cha yule binti, bali wepesi wa mkono wake mwenyewe. Kuanzia cha saba aliona raha.

Sasa Tunu, bila kuambiwa, aligeuka akauinamia ukuta. Kugeuka huko ndiko kulikomshinda Veridiana.

"Sipigi, Mwalimu."

"Unasemaje?"

"Sipigi."

Renatus aliunyakua mpira, akamcharaza nao usoni, mdomo ukapasuka. Pigo la pili Veridiana alilidaka kwa kiganja, akavuta. Mwalimu akamkamata kifundo cha mkono, akakipinda mpaka kitu kikaalika ndani. Veridiana alipiga yowe, akamtia goti la tumbo kwa nguvu zote za miguu iliyofunzwa kuruka. Renatus akaanguka juu ya mabenchi. Veridiana akampiga teke la mbavu, na jingine, na raha ile ya Jumatatu ikaanza kumpanda kifuani. Akaitambua. Akarudi nyuma.

Kipaza sauti kikaita jina lake.

Aliingia ukumbini mkono ukining'inia, damu ikimdondoka kidevuni, Tunu nyuma yake. Kelele zikafa. Aliipita njia ya kukimbilia, akaenda moja kwa moja kwenye meza ya Bi Bertila, mwamuzi mkuu.

"Shikamoo, mama. Sitaruka. Mwalimu wetu anatupiga."

"Marahaba. Keti, mwanangu." Veridiana aliketi. Bi Bertila alivuta karatasi, akaanza kuandika. Kisha akamtazama Tunu. Suruali yake ya kubana ilichanika alipoanguka, na pajani ilionekana michirizi ambayo haijakauka. "Na hii? Ni yeye pia?"

Tunu aliinamia vidole vya miguu yake.

"Hiyo ni mimi," Veridiana alisema. "Andika Veridiana."

Kalamu ilisimama. Tunu aliinua uso, akamwangalia nahodha wake. Kisha akaenda kuketi, akaacha kiti kimoja wazi kati yao.