Nyumba ya Baba Kule Mgeta

Asiyejua namna ya kubisha hodi ofisini angekwenda kumuuliza Martina Kasiani. Miaka miwili tangu amalize chuo na digrii yake ya masoko, hakuna mlango wa mjini Morogoro ambao hakuugusa, na Dar es Salaam alikwenda mara saba. Kila mlango ulifunguliwa kwa adabu. Walimpa kiti, wakasoma vyeti, wakatabasamu, kisha wakamuuliza ana uzoefu wa miaka mingapi. Uzoefu aliokuwa nao ni miezi mitano ya kusajili laini za simu chini ya mwavuli pale stendi ya Msamvu, jua likimla upande mmoja wa uso.

Mama yake alikuwa mjane, Mpare wa Same, aliyekuja Morogoro zamani kushona sare za shule akaolewa na Mluguru. Alimwombea binti yake novena, sala za siku tisa. Ikiisha moja akaanza nyingine, vile mama anavyoinjika chungu kingine kabla moto haujapoa. Mungu hakukataa wala hakujibu, na hiyo ndiyo hali ngumu kuliko zote, maana anayekukatalia angalau unajua umesimama wapi.

Ndipo Martina akaanza kuandika blogu ya safari. Mtu asiye na nauli ya kwenda mbali huandika ya karibu. Akapanda kwa miguu mpaka Morningside, juu mlimani, akaandika. Akaenda Matombo kwenye ndizi na viungo, akaandika namna pikipiki ilivyowashusha wote wawili kwenye tope, dereva akimlaumu abiria. Watu wakasoma kidogo, wakacheka, wakapita. Kisha akaandika habari za Mgeta, nyumbani kwa marehemu baba yake, na hapo watu wakasimama.

Kweli pale mahali palikuwa pazuri. Nyumba ya matofali ya kuchoma ilikaa begani mwa mlima, na chini yake mashamba yakishuka ngazi kwa ngazi, njegere, karoti, kabichi, mpaka mtoni. Asubuhi ukungu ulipanda kutoka bondeni ukaingia mpaka barazani kama jirani aliyekuja kuomba moto. Martina aliandika: "Karibuni nyumbani kwetu." Waliosoma walifika maelfu.

Chuoni walimfundisha kwamba mnunuzi hanunui kitu, hununua namna atakavyojisikia akiwa nacho. Alikuwa ameliandika hilo kwenye daftari akapata alama zake, akasahau. Sasa alilielewa. Watu wa mjini, waliopanga vyumba na kuhama kila kodi inapopanda, walikuwa wanataka kwao. Yeye alikuwa nako, na alikuwa anajua kukuza jambo. Kwa mara ya kwanza tangu avue joho, alijiona ana biashara mkononi.

Mwezi wa sita akaandikiwa na mwanamke aitwaye Yasmin, mwenye kampuni ndogo ya kutembeza wageni huko Dar. Hakutaka hoteli. Alitaka mahali ambapo wageni watalala na wenyeji, wale chakula chao, wachume mboga wenyewe. Walizungumza kwa simu, na Yasmin hakuzunguka.

"Sitafuti mwandishi, waandishi ninao," alisema. "Natafuta mtu mwenye mahali pake."

Wakapatana. Angeleta wageni sita kwa majaribio, Jumamosi ya pili ya Julai. Wakirudi wameridhika, Martina angeajiriwa afisa masoko, kwa mkataba wa maandishi. Mama yake aliposikia alipiga magoti palepale jikoni, mwiko ukiwa bado mkononi.

Jumatano ya wiki ile Martina alipanda na lori lililokuwa likienda tupu kufuata kabichi. Alikuwa na mashuka mapya kwenye mfuko na orodha ya kazi kichwani: kufagia, kuchota maji, kuanika magodoro. Nyumba ilikuwa haijakaliwa tangu mazishi, mwaka mmoja na miezi. Lakini alipokata kona ya mwisho ya njia ya miguu, aliona moshi unatoka jikoni.

Kwenye ngazi ya tatu ya shamba alimkuta Eustace, mtoto wa shangazi yake, anapalilia kabichi zilizokwisha kufunga majani.

"Karibu, msomi," Eustace alimwita bila kunyanyuka. "Nimekuona kwenye simu. Umetutangaza mpaka Ulaya, na sisi hata kuoga hatujaoga."

Martina akacheka, maana mtoto wa shangazi ni mtani wako, na matusi yake ni salamu. Akamjibu kwamba kuoga hakuisaidii kitu sura ile, kisha akamuuliza, kwa utani uleule, nani kampa ruhusa ya kulala nyumbani kwa baba yake.

Eustace hakucheka. Alifuta udongo kwenye jembe kwa konzi ya majani, taratibu, pande zote mbili.

"Twende kwa mama," akasema. "Hili si la kusemea shambani."

Shangazi Angelina alikaa chini kidogo ya njia, dada mkubwa wa marehemu Kasiani, na ndiye aliyekuwa mwanamke mkubwa wa ukoo wao baada ya wanawake waliomtangulia kufariki. Alipokea shikamoo, akamkumbatia Martina, akalia kidogo kwa ajili ya mdogo wake. Akampa viazi na njegere. Hakusema neno mpaka sahani ikaisha, kwa kuwa si vizuri kumwambia mtu jambo zito akiwa na njaa. Kisha akamuuliza: tangu baba yake afariki, mavuno yamepita mangapi?

Martina akasema mawili.

"Na kuku aliletwa na nani?"

Martina hakuelewa. Shangazi akasubiri. Ndipo msichana akakumbuka. Kila mavuno baba yake alikuwa akifunga kuku miguu, anajaza njegere kikapuni, anamwambia mpelekee shangazi yako. Alikuwa akivipeleka yeye mwenyewe tangu akiwa darasa la pili. Tena ameandika habari hiyo kwenye blogu: namna baba yake alivyompenda dada yake, hakula mavuno mapya kabla yeye hajaonja. Hiyo ndiyo habari iliyopendwa kuliko zote.

"Alinipenda, ndiyo," alisema shangazi Angelina. "Lakini yule kuku hakuwa wa mapenzi. Yule kuku alikuwa anasema, dada, bado najua ninalima ardhi ya nani."

Akamweleza polepole, bila hasira. Huku kwao mtoto hufuata tumbo alilotoka. Ardhi ni ya ukoo, na ukoo hupita kwa mama. Mwanamume hulima katika ardhi ya mama yake siku zote za uhai wake, na akifa hurithiwa na watoto wa dada zake. Watoto wake wa kuzaa wana ardhi yao kwa mama yao. Ndivyo ilivyokuwa kabla wamisionari hawajafika, na padri wa kwanza aliikuta hivyo akaiacha hivyo. Kasiani alioa mbali, na siku anaoa aliambiwa watoto wako watalima wapi. Akasema Mungu atajua.

"Mimi ningenyamaza," aliendelea. "Mngelima hata miaka kumi, ilimradi kuku anakuja. Lakini hukuleta kuku, mwanangu, umeleta dunia. Wazee walionyeshwa simu, wakasomewa. Shamba letu, nyumba yetu, karibuni wote. Wakaniuliza, Angelina, umeuza? Nikose kumwingiza Eustace, niwajibu nini?"

Martina akasema kwamba nyumba aliijenga baba yake, kwa mikono yake.

"Ni kweli. Bati ni zenu, na milango. Mkizitaka, Eustace atazing'oa vizuri asizikunje, atawasaidia mpaka barabarani."

Hapo Martina alikosa pa kushika. Kama shangazi angefoka, angefoka naye. Kama angemfukuza, angelia. Lakini alipewa bati, na chai ikaongezwa kikombeni.

Alipanda mpaka kwenye jiwe ambapo simu hushika, akampigia mama yake. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwetu Upare mtoto ni wa baba," mama alisema. "Nikiwaambia kaka zangu wakukatie shamba, watasema nenda kwa Kasiani. Sikujua habari za kuku, mwanangu. Niliona mtu anamzawadia dada yake. Nilifurahi."

Martina akataja sheria. Alisoma sheria za biashara mihula miwili, akajua yapo mabaraza ya ardhi, na mtoto wa marehemu ana haki zake.

"Sheria ipo," mama akasema. "Na baba yako amezikwa nyuma ya nyumba hiyohiyo. Ukiwashinda, nani atatupokea siku tukienda kumwombea?"

Muda wa maongezi ukaisha kila mmoja akiwa bado na simu yake sikioni.

Aliporudi alimwomba shangazi jambo moja tu, amwache awapigie wageni simu wasije. Shangazi Angelina alikataa katakata. Mgeni aliyekwisha kualikwa hazuiwi njiani, ni laana. Mgeni hana kosa. Waje, watapikiwa, watalala. Joyce, mke wa Eustace, akayapokea mashuka mapya, akayasifu, akayatandika mwenyewe.

Jumamosi jua lilitoka, jambo la nadra mwezi ule. Yasmin alishuka kwenye gari na wageni wake sita, akasimama kuangalia bonde, akasema picha zilikuwa zinadanganya, penyewe ni pazuri zaidi. Martina akawakaribisha. Alikuwa amejiandalia maneno usiku mbili, ya kweli na ya nusu kweli, na mpaka wakati ule hakuwa amechagua.

Eustace aliwashusha kwenye ngazi za mashamba. Akawafundisha kung'oa karoti bila kuivunja shingo, akawataka wanaume wajaribu kubeba tenga la kabichi kichwani, akamcheka mzee mmoja aliyevaa viatu vyeupe mpaka mzee mwenyewe akacheka kuliko wote. Walimpenda. Martina aliwafuata nyuma akiwashikia mikoba. Kwa jicho lake la masoko aliona vizuri kabisa kinachotokea, naye hakuwa na la kufanya. Kila alichoahidi kwenye blogu kilikuwa kinatimia, kimoja baada ya kingine.

Wakiwa mtoni Yasmin aliuliza, bila nia yoyote, hapa hasa ni kwa nani.

Martina alifungua kinywa. Eustace akawahi, kwa moyo mweupe kabisa.

"Kwa mama yangu. Marehemu baba yake Martina alikuwa mjomba wangu."

Yasmin akamtazama Martina kidogo tu, akatazama mlima. Hakuwa mtu mbaya. Njiani kupanda alimwambia kwamba kalamu yake ni nzuri, asiiache. Akaomba namba ya simu ya Eustace. Mwisho akasema watawasiliana Jumatatu, na Martina akaitikia vizuri. Hiyo Jumatatu alikuwa anaijua. Alishaahidiwa Jumatatu kama hiyo katika ofisi nyingi, na hata siku moja haikuwahi kuangukia kwenye wiki yoyote.

Chakula kilitengwa barazani, mkeka ukatandikwa, wageni wakaketi kwa mstari wakiegemea ukuta. Martina alikwenda kuchukua jagi la maji na beseni, maana katika nyumba ile kunawisha wageni ilikuwa kazi yake tangu alipoweza kubeba jagi. Joyce alikuwa ameshika upande wa pili wa beseni. Hakulivuta. Alilishika tu, akitabasamu, mpaka Martina akaachia.

"Kaa, wifi," Joyce alimwambia kwa upole. "Umetoka mbali na wenzio. Utachoka."

Palikuwa na nafasi moja kwenye mkeka, kati ya mzee wa viatu vyeupe na binti aliyekuwa akipiga picha. Martina akaketi. Joyce akaanza upande ule wa mlangoni, anapiga goti, anamimina, anasogea. Maji yalipomfikia Martina yalikuwa ya vuguvugu. Akanyoosha mikono.

"Karibuni, wageni wetu," akasema shangazi Angelina kutoka kwenye kiti chake, na wote wakaitikia asante, Martina naye.